Machungwa Yasiyoshikika

Jumatatu asubuhi chumba cha mazoezi cha hospitali kilikuwa kimejaa hadi mlangoni. Wazee wa magoti, vijana waliovunjika miguu uwanjani, mama mmoja na mto wake wa kukalia, wote walikuwa kwenye benchi refu wakisubiri zamu na kuulizana maradhi, maana hospitalini siri ya mtu haimalizi nusu saa. Fundi mitambo aliingia na ngazi begani, koti la kazi la buluu mwilini na bisibisi zikichungulia mfukoni. Alikuwa ameitwa kutazama taa. Hakuwa na habari na mtu.

Kwenye ukuta wa mwisho kulikuwa na ule mchezo mpya. Ni kioo kikubwa, na juu yake kamera ndogo. Mgonjwa anasimama mbele, anajiona mwenyewe kiooni, na juu ya kichwa chake panatokea mti wenye machungwa. Chungwa lenyewe chumbani halipo. Ukiinua mkono mpaka mkono wako wa kiooni uliguse, linapasuka, puu, unapewa alama. Huvai kitu, hushiki kitu, unapapasa hewa tupu huku benchi zima likikutazama, na ndiyo sababu wengi waliona haya kuucheza.

Siku hiyo alikuwa akicheza dada mmoja mwenye gauni la kijani na kitambaa cha zambarau kichwani. Mkono wake wa kulia ulipanda hadi usawa wa bega, ukatetemeka, ukashuka. Chungwa likabaki linaning'inia. Akajaribu tena, tena likabaki.

Fundi alipita nyuma yake, akainua mkono kuizuia ngazi isigonge taa. Kamera haijui mkono ni wa nani. Ikauhesabu kuwa wa yule dada. Puu. Na la pili, puu.

Dada yule alishika mdomo. Uso uliokuwa umejikunja ulifunguka wote, macho, mashavu, mpaka mwanya wa meno ukaonekana, na mwanamume aliyekuwa nyuma yake aliuona uso huo kiooni akasahau taa ilikuwa wapi.

"Nimeyapata," dada alisema polepole. Kisha akaiona ngazi, na mkono wa kiume uliokuwa juu. "Kumbe ni wewe."

"Nisamehe dada yangu. Nilikuwa napita tu."

"Unapita na machungwa yangu?"

"Nitakurudishia."

"Utanirudishia nini, na yamekwisha pasuka?"

Benchi likacheka. Naye akacheka, lakini uso ulikuwa umerudi kujikunja, na hilo ndilo lililomchoma Fundi. Tangu dakika ile alichotaka duniani ni kuuona ule uso wa kwanza tena. Ugonjwa gani huo, jamani? Watu huugua malaria wakapona.

Yule dada alikuwa msusi. Alifanya kazi saluni kwa shangazi yake, ndiye aliyemlea, na mtaa mzima ulikuwa unaijua mikono yake. Wanawake walikuwa wakipita saluni tatu kumfuata yeye. Halafu akateleza kwenye ngazi za nyumba, bega likavunjika. Mfupa uliunga, ila mkono ulikataa kupanda. Na kusuka ni kazi ya mikono juu kutwa nzima. Miezi minne sasa alikuwa anafagia nywele za vichwa vilivyosukwa na wengine.

Hayo Fundi aliyajua kwa simu. Siku ya pili tu dada alimletea simu yake haiingizi chaji, akaitengeneza kwa kutoa vumbi na sindano, akaijaribu kwa kujipigia mwenyewe. Ujanja wa kizee, lakini ulifanya kazi. Jioni simu yake ikalia.

"Fundi, nani alikuruhusu kuchukua namba yangu?"

"Nilikuwa najaribu mtandao."

"Na mtandao uko salama?"

"Nahitaji kuujaribu tena kesho."

"Na keshokutwa, nadhani."

"Vitu hivi vinataka uangalizi, Msusi."

Basi ikawa kila jioni. Alimsikia shangazi nyuma akiuliza huyo ni mgonjwa au daktari, na Msusi akijibu, "Ni mtu wa mitambo, Shangazi," na shangazi akisema, "Haya, angalia tu asije akakufungua na bisibisi." Walikuwa wakicheka mpaka masikio yanapata moto. Lakini mara nyingine sauti ilishuka. "Fundi, unajua kula chakula ambacho hukukifanyia kazi? Shangazi hasemi kitu. Mimi ndiye tonge linanikwama."

Ikatokea kwamba mkuu wa chumba cha mazoezi, mama mmoja makini asiyeachana na kipimo chake cha kupima viungo, alikwenda mafunzoni kwa mwezi mmoja. Mazoezi ya mwili aliwaachia wasaidizi. Mchezo alimwachia Fundi. "Utauwasha, utaandika alama za kila mtu. Mipangilio usiiguse."

"Sawa, mama."

Wiki ya pili Msusi alipata machungwa manne kati ya arobaini. Aliketi kwenye benchi akajifunika uso na kitambaa chake cha zambarau, mabega yakawa yanapanda na kushuka. Watu wakatazama kando. Fundi alisimama na daftari mkononi na hakuwa na pa kujificha.

Msusi alipoondoka, Fundi aliifungua mipangilio.

Kila chungwa lina duara lisiloonekana. Mkono ukiingia kwenye duara, mashine inasema umegusa. Namba moja, duara ni sawasawa na chungwa lenyewe. Namba tano imewekwa kwa watoto wasioweza kuinua mkono kabisa, ili nao wapate kucheka. Fundi aliweka mbili. Alijiambia ni kidogo tu, ni kumtia moyo. Wiki iliyofuata akaweka tatu, na baadaye nne. Kila mgonjwa mwingine akija anairudisha moja, Msusi akija anaipandisha, kidole kinajua njia chenyewe. Mkono wa dada wa watu ukifika usawa wa sikio, chungwa lililo juu kabisa linapasuka.

Na ule uso ukarudi. Kila Jumatatu na Alhamisi ulirudi.

"Ishirini na sita," Msusi alisema kwenye simu. "Umeona?"

"Nimeona."

"Mbona kama huna raha?"

"Nimechoka tu."

"Nikipona nitakusuka."

"Nywele zenyewe ziko wapi?"

"Ndevu si zipo? Nitakusuka ndevu uende nazo kazini." Halafu sauti ikashuka. "Fundi. Nakupenda, ujue. Nilitaka kusubiri uanze wewe, lakini wewe ukianza kitu mpaka utafute vifaa."

Fundi alikuwa amesimama jikoni kwake, sufuria inaungua. Alisema naye anampenda, tangu siku ya ngazi. Ilikuwa kweli. Lakini hakulala na furaha kama mtu aliyeambiwa neno lile. Alilala kama mtu aliyepokea mzigo wa mwenzake kwa jina la uongo.

Alhamisi ile Msusi alipata thelathini na nane. Jioni simu ikalia kabla hajavua viatu.

"Nimemwambia Shangazi nimepona. Jumamosi nina kichwa cha bibi harusi. Mimi mwenyewe, si msaidizi."

Fundi aliacha kiatu kimoja mguuni. "Usiharakishe, mpenzi. Mngoje mkuu arudi akupime."

"Anipime nini, na mashine imesema?"

Hapo ndipo alipotakiwa kuongea. Maneno yalikuwa mafupi, hayazidi manane. Aliyapanga yote mdomoni, halafu akaiwaza sauti ile ya furaha ikikatika, akayameza.

"Haya," akasema. "Mungu akujaalie."

Makosa mengine mtu unaweza kuyatetea. Hili, hata mimi ninayemsimulia na kumpenda sijui nimteteeje.

Jumamosi mchana simu ililia. Kwanza ilikuwa pumzi tupu.

"Nimeaibika," Msusi alisema.

Alimweleza kidogo kidogo. Upande wa kushoto wa kichwa aliumaliza vizuri, huku meno ameyauma. Alipofika utosini mkono ulishuka wenyewe. Akaupandisha kwa mkono wa pili. Ukashuka tena, kitana kikamwangukia bibi harusi begani. Mama wa bibi harusi akasimama akauliza kwa sauti ya watu wote, "Kumbe wewe hujapona? Ulitudanganya ili upate kazi?" Wakaondoka. Bibi harusi alitoka saluni nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama, kafunikwa kitambaa cha kuazima, analia kwenda kutafuta msusi mwingine siku ya harusi yake.

"Wananiita mwongo, Fundi. Na mimi najiuliza, au ni kweli? Au nilikuwa najitahidi mbele ya kioo tu, mbele ya watu nikazembea?"

"Pole, mpenzi," alisema Fundi. "Pole sana."

Alisema pole, akakata simu. Aliketi sakafuni akaegemea kitanda. Alitamani ardhi ipasuke, lakini ardhi ina kazi zake.

Jumatatu Msusi alikuja mapema kabla ya benchi kujaa. Hakuwa na kitambaa kizuri, kavaa gauni la kufagilia. Alisimama mbele ya kioo akasema bila kumtazama, "Nisamehe. Nimekutia aibu. Wewe umekaa na mimi mwezi mzima, halafu nikaenda kuonyesha watu kwamba hukunifundisha kitu. Leo nipe yote arobaini, sitapumzika."

Hilo ndilo lililomvunja. Angemtukana angevumilia. Kuombwa msamaha na mtu uliyemwangamiza ni adhabu isiyo na jina.

"Njoo uone kitu," alisema, na sauti haikuwa yake.

Akafungua mipangilio. Akabonyeza pale panapoonyesha maduara. Kioo kizima kikajaa miviringo myekundu, mikubwa kama sahani, kila chungwa limekaa katikati dogo kama shanga. Msusi aliinua mkono, hata bega haukupita vizuri, na mviringo ukaukuta njiani. Puu.

"Duara hili lilitakiwa liwe sawa na chungwa," Fundi alisema. "Nimelipanua mimi. Kwako tu."

Msusi aliangalia mkono wake kiooni. "Tangu lini?"

"Tangu siku uliyolia."

"Kwa hiyo thelathini na nane..."

"Labda nane. Sijui hata."

"Na Alhamisi nilipokwambia nina bibi harusi, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

Alingoja kelele. Msusi alikuwa anakunja na kukunjua vidole vya ule mkono taratibu.

"Ulinionea huruma."

"Nilikupenda."

"Ungenipenda ungeniacha nikose," alisema. "Ningekosa nikajua nimekosa. Sasa nimekosa kichwani mwa mtu." Akachukua mkoba wake kwa mkono wa kushoto akaondoka, akipishana mlangoni na wazee wa magoti.

Simu za Fundi hakuzipokea. Siku ya tatu shangazi ndiye aliyepokea.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba. Sikiliza, baba. Wahenga walisema bora lawama kuliko fedheha. Wewe uliogopa lawama, ukampelekea mwenzako fedheha. Sina la kuongeza." Akakata.

Mkuu wa mazoezi aliporudi, Fundi hakusubiri kugunduliwa. Alimfuata ofisini akasema yote amesimama. Yule mama alimsikiliza, akavua miwani akaifuta muda mrefu.

"Unajua mkono unaopona hufanya nini?" alimuuliza. "Hujinyoosha kwa sababu haujafika. Wewe ulimwambia amefika. Wiki tatu zile mkono wake umekaa tu, na wiki tatu kwa bega kama lile ni nyingi. Inawezekana usirudi wote." Akamwandikia barua ya onyo, akabadilisha neno la siri la mashine, akamwambia atoke.

Barua haikumuuma. Ile "inawezekana usirudi wote" ndiyo aliyotembea nayo, akala nayo, akaoga nayo.

Jumamosi iliyofuata alivaa shati lake jeupe akaenda saluni. Alichagua saa ya watu wengi makusudi. Vichwa sita vilikuwa vitini, vingine ukutani vikisubiri, mashine za kukaushia zinavuma, harufu ya mafuta ya nywele imetanda. Msusi alikuwa ameshika fagio. Alipomwona akasimama wima.

"Wamama, dada zangu, samahanini," Fundi alisema. Jasho lilikuwa linamshuka nyuma ya masikio. Mtu akazima mashine. "Mimi ndiye ninayeshughulikia ule mchezo wa hospitali. Huyu hakumdanganya bibi harusi. Mimi ndiye niliyemdanganya yeye. Niliharibu kipimo ili aonekane amepona, na hakujua. Kwa mama wa bibi harusi nimeshakwenda jana, nimemwambia hivi hivi. Anayetaka kumwita mtu mwongo, mwongo ni mimi."

Mteja mmoja mnene, kichwa kimejaa vibanio, akauliza, "Na kwa nini uliharibu?"

Fundi akatazama sakafu. "Nilikuwa napenda kumwona akicheka."

Ee, lilizuka cheko la kuangusha vitana. "Mapenzi yameingia mpaka kwenye mashine," alisema mmoja. "Huyu angekuwa fundi wa mizani tungekuwa wembamba sote," akasema yule wa vibanio. Walimcheka mpaka machozi, naye alisimama pale na shati lake jeupe akapokea kila kicheko, kwa sababu kila kimoja alikuwa anadaiwa kukipokea badala ya Msusi.

Msusi hakucheka. Alimsogelea na fagio. "Nani alikutuma?"

"Hakuna."

"Umenianika mara ya pili."

"Najua. Lakini hii ya leo ni ya kweli."

Alimwangalia sana. "Toka, nafagia," akasema.

Akatoka. Shangazi, uzi mdomoni, alimtazama mpaka alipofika barabarani.

Alhamisi Msusi alirudi hospitali. Mkuu mwenyewe aliwasha mchezo, akaweka namba moja, akamwambia Fundi akae kwenye kiti pembeni aandike alama na asinyanyuke. Msusi alisema, "Mwache akae. Nataka aone."

Chungwa la kwanza akakosa. La pili. La tano. Mkono ulifika usawa wa sikio, ukatetemeka, chungwa liko juu linamwangalia. Kufikia la ishirini kitambaa kilikuwa kimelowa jasho, na alama ilikuwa mbili. Mkuu akaitwa nje mara moja.

"Fundi," Msusi alisema bila kugeuka. "Ongeza kidogo."

"Siwezi."

"Neno la siri utalipata. Wewe ni fundi. Namba mbili tu, nipate moja, nipumue."

"Hapana, mpenzi."

"Unaniona naumia na unakaa?"

"Nakuona." Alikuwa ameikalia mikono yake yote miwili, na machozi yanamtoka waziwazi mbele ya wazee wa magoti. "Nakaa."

"Nakuchukia leo."

"Haya. Inua mkono."

Aliuinua. Akakosa. Akauinua. Arobaini zilipokwisha alikuwa amepata sita. Fundi aliandika sita daftarini, na hakusema ni nyingi, hakusema hongera, hakusema kesho itakuwa saba.

Benchi lilipopungua Msusi alikuja akasimama mbele yake. "Mkuu ameniambia. Huenda usirudi wote."

"Ameniambia na mimi."

"Na ukibaki hivi? Nisisuke tena?"

Jibu tamu lilimjia mpaka kwenye ulimi. Akaliacha. "Sijui," akasema. "Nimekuharibia kitu ambacho huenda siwezi kukirudisha. Nitakuwepo, ukinitaka. Zaidi ya hapo sina la kweli la kukwambia."

Msusi alivuta pumzi. "Simama."

Akasimama. Alikuwa mrefu, kichwa chake kiko mbali. Ule mkono wa kulia ukaanza kupanda kati yao, polepole, vidole vimenyooka kuelekea nywele zake. Ulipita bega lake. Ukaanza kutetemeka. Magoti ya Fundi yalitaka kukunjika yenyewe.

"Usiiname," alisema Msusi.

Hakuinama. Aliuona uso wake ukijikunja kwa maumivu, karibu kabisa, na hakuinama. Mkono ukapanda kidogo, ukakwama, vidole vikamgusa shavuni, chini ya jicho, vya moto, vimelowa jasho.

"Nimefika hapa," Msusi alisema.

"Umefika shavuni."

"Kichwani utanisubiri."

"Nitakusubiri."

"Hata nisipofika?"

"Hata usipofika."

Hakuuondoa mkono. Ulikuwa mzito na unatetemeka, na alimwachia uzito wote.

"Shangazi anataka kukuona Jumapili," akasema. "Uje na wazee wako."